Usukani umelala kulia baada ya alaimenti, fundi anasema "utajirudi wenyewe"

Kombo_Kidogo
Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nilibadilisha tairodi endi zote mbili za mbele (ncha za zile fimbo zinazosukuma magurudumu yakate kona), nikapeleka gari alaimenti, kunyooshwa mwelekeo wa matairi, siku hiyohiyo. Kabla ya hapo usukani ulikuwa umenyooka vizuri tu, shida ilikuwa kitu kugongagonga chini na matairi kulika upande wa ndani. Nimetoka pale, nimeingia barabara iliyonyooka, naona usukani umelala kulia. Gari lenyewe linakwenda moja kwa moja, halivuti popote, ila nembo ya katikati ya usukani inachungulia pembeni kama mtu aliyekasirika.

Nikarudi. Fundi akanionyesha karatasi ya mashine: tou (tairi linavyoelekea ndani au nje kwa mbele) ya kushoto kijani, ya kulia kijani, jumla kijani. Akasema mashine haidanganyi, niendeshe wiki moja utajirudi wenyewe. Wiki imeisha leo. Haujarudi.

Sasa nauliza: nikiufungua usukani wenyewe nikausogeza meno mawili nikafunga tena, kuna ubaya gani?

Baba Skrubu
Hakuna ubaya. Nati moja ya katikati, unavuta, unasogeza, unafunga. Nusu saa umemaliza, tena bila kumbembeleza mtu.

Spana_17
Kombo, weka spana chini kwanza, usimsikilize Baba Skrubu.

Usukani haujakosea kitu. Wewe hukuugusa, fundi hakuugusa, na kabla ya alaimenti ulikuwa sawa. Kilichoguswa ni tairodi. Kwa hiyo kilichopinda kipo kwenye tairodi, na usukani unakuambia tu. Ukiusogeza kwenye meno yake utakuwa umesogeza mshale wa saa ukadhani umerekebisha muda.

Na madhara yapo. Kwanza kuna eabegi mbele ya hiyo nati. Ukikosea hapo unaumia. Pili, nyuma ya usukani kuna ule utepe uliojiviringisha unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi. Una idadi maalumu ya mizunguko kila upande, na ukiuweka nje ya katikati unaweza kukatika siku utakayokata kona mpaka mwisho. Tatu, raki, ile fimbo ya meno inayosukuma tairodi, ina katikati yake. Ukinyoosha usukani peke yake, raki inabaki imekaa upande, na utakata kulia zaidi kuliko kushoto au kinyume chake. Magari mengine hata hayakuruhusu, yana jino moja nene kwenye shafti, usukani unaingia mahali pamoja tu.

Baba Skrubu
Sawa, nakubali lile la indiketa. Spana hakulisema lakini nalisema mwenyewe: tangu niusogeze wa kwangu, indiketa ya kushoto inajizima kabla sijamaliza kona, ya kulia inabaki inawaka mpaka niizime kwa mkono. Nilidhani ni swichi.

Spana_17
Ndiyo hiyohiyo. Kile kinachoizima indiketa kinazunguka pamoja na usukani, umekisogeza nacho.

Kombo_Kidogo
Asanteni. Lakini bado sielewi. Karatasi yote kijani, usukani umepinda. Mmoja wao anadanganya, nani?

Fundi Kimya
Hakuna anayedanganya. Mashine inapima matairi, haina jicho ndani ya gari. Kazi ya kuhakikisha usukani umenyooka ni ya mtu. Kabla ya kugusa tairodi anatakiwa awashe injini kama usukani ni wa haidroliki, autikise kushoto na kulia ili vali itulie katikati, aunyooshe, kisha aufunge kwa ile fimbo inayoshika usukani na kukanyaga kiti. Ndipo azime injini na kuanza kurekebisha. Ukiufunga ukiwa umelala digrii kumi, mashine itakuonyesha kijani na gari litatoka na usukani uliolala digrii kumi. Tou ni sahihi, matairi hayataliwa. Ni usukani tu uliobaki nje.

Nimefanya alaimenti miaka mingi na malalamiko yanayonirudia ni haya, mara nyingi kosa likiwa langu: nimefunga fimbo kwa haraka, au ilikuwa imelegea na usukani ukasogea wakati nakaza loknati (nati ya kufungia tairodi). "Utajirudi wenyewe" ni maneno ya mtu anayetaka kufunga duka. Chuma hakijirudi.

Una haki ya kurudi na kudai afanye upya bila malipo. Mwambie hivi: nyoosha usukani, ufunge, kisha gawa tou sawa pande zote mbili. Robo saa tu.

Kombo_Kidogo
Nimeshagombana naye, sirudi. Nataka nifanye mwenyewe. Jeki ninayo, stendi ninazo, spana ninazo.

Fundi Kimya
Basi kabla ya kulala chini ya gari fanya vipimo vitatu.

Kwanza, upepo wa matairi uwe sawa pande zote. Tairi la kulia likiwa na upepo mdogo gari litavuta huko, nawe utashika usukani kinyume ukidhani ni alaimenti.

Pili, tofautisha usukani uliolala na gari linalovuta. Ukiachia kidogo kwenye barabara tupu na gari likaendelea moja kwa moja huku usukani umelala, hiyo ni kazi ya tairodi. Likiondoka, tafuta kwingine: tairi lenyewe, breki inayoshika, kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia). Hapo badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kama si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili basi ni tairi. Na ukumbuke barabara nyingi zimejengwa na mwinamo ili maji yatoke, gari lolote zima litateremka polepole upande ule. Pima mahali tambarare, au nenda na urudi katikati ya barabara ikiwa tupu kabisa.

Tatu, nyoosha usukani ukiwa umesimama na injini inawaka, kisha hesabu mizunguko mpaka mwisho wa kulia, rudi katikati, hesabu mpaka mwisho wa kushoto. Zikilingana, usukani umekaa vizuri juu ya raki na kosa ni tairodi. Zisipolingana, kuna mtu aliwahi kuufungua usukani au jointi ya shafti chini yake akairudisha vibaya. Kipimo hiki ni cha magari ya raki. Yale makubwa yenye boksi la usukani yana vizuizi pale kwenye magurudumu, hesabu inaweza kukudanganya.

Kombo_Kidogo
Nimefanya. Upepo sawa. Halivuti. Mizunguko ni mmoja na nusu kila upande, sawa kwa sawa. Mdogo wangu alikaa pembeni, tukabandika utepe wa karatasi juu ya usukani na mwingine kwenye kava la shafti, yeye akaweka alama wakati mimi nashika barabara. Usukani umesogea kulia kama alama mbili za dakika kwenye uso wa saa.

Hesabu Tupu
Uso wa saa una alama 60, mzunguko mzima ni digrii 360, kila alama ni digrii 6. Umelala digrii 12. Hiyo si ndogo.

Sasa uzungushe tairodi kiasi gani? Tuchukue hesi ya milimita 1.5, yaani kila mzunguko mzima tairodi inarefuka au kufupika milimita 1.5. Ule mkono unaoshikwa na tairodi pale kwenye gurudumu tuuchukulie milimita 130. Gawanya 1.5 kwa 130, unapata pembe ya digrii 0.66 hivi. Kama uwiano wa usukani ni 15 kwa 1 (usukani digrii 15, tairi digrii 1), zidisha: karibu digrii 10 za usukani kwa kila mzunguko mmoja wa tairodi, pande zote mbili zikizungushwa. Kwa digrii 12 unahitaji mzunguko mmoja na kidogo. Namba za gari lako zinaweza kutofautiana, kwa hiyo anza na nusu mzunguko, pima, kisha piga hesabu kwa ulichokiona.

Mzee wa Jeki
Kwa nini pande mbili? Mimi huwa nagusa upande mmoja tu.

Hesabu Tupu
Ukigusa mmoja tu, usukani unasogea nusu ya hiyo hesabu, na tou yote inaharibika. Mzunguko mmoja upande mmoja ni zile digrii 0.66. Kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 600 hiyo ni karibu milimita 7 za tofauti kati ya mbele na nyuma ya tairi. Utakuwa umenyoosha usukani kwa kuyatoa matairi sadaka.

Upande mmoja unarefushwa, wa pili unafupishwa kiasi kilekile. Jumla ya tou inabaki palepale ilipoachwa na mashine.

Spana_17
Upi urefushe na upi ufupishe ndipo watu wanapopotea, maana inategemea raki iko wapi. Usikariri. Nyoosha usukani, shuka, tazama matairi ya mbele. Kama ulikuwa umelala kulia barabarani, sasa matairi yataelekea kushoto kidogo. Unachotaka ni kuyarudisha yote mawili kulia: la kushoto liingie ndani kwa mbele, la kulia litoke nje kwa mbele.

Raki ikiwa nyuma ya mstari wa katikati ya magurudumu, kurefusha tairodi kunasukuma nyuma ya tairi nje, mbele inaingia ndani. Kwa hiyo kushoto refusha, kulia fupisha. Raki ikiwa mbele ya mstari huo, kila kitu kinageuka: kushoto fupisha, kulia refusha.

Magari mengi ya raki yana hesi za kawaida pande zote mbili, na hapo kuna raha ndogo: spana zote mbili zikizunguka kuelekea upande mmoja, mfano zote kuelekea mbele ya gari, tairodi moja inarefuka na nyingine inafupika yenyewe. Ukiona unazungusha moja kwenda mbele na nyingine kwenda nyuma, simama ufikiri.

Utaratibu: piga rangi mstari kwenye tairodi, loknati na tairodi endi ili ujue ulipoanzia. Legeza kibano cha ule mpira wa raki, la sivyo utajikunja kama nguo iliyokamuliwa na kupasuka. Legeza loknati, zungusha tairodi yenyewe, siyo endi. Ukimaliza, shika endi isilale upande wakati unakaza loknati, kisha nyoosha mpira. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Ukishusha, lisogeze mbele na nyuma mita chache kabla ya kupima, kwa sababu matairi yakishuka yanakwama yamejibana na vipimo vinadanganya.

Mwanamke wa Lami
Kabla hajagusa tairodi, je, ekseli ya nyuma? Langu lilikuwa na shida hiyohiyo na walirekebisha mbele mara tatu. Kumbe nyuma ndiyo iliyokuwa inalisukuma gari kiubavu.

Fundi Kimya
Swali zuri, na ningelitaja mimi. Magurudumu ya nyuma yakielekea kulia kidogo, gari zima linatembea limegeuza pua kushoto, na dereva analazimika kushika usukani kulia ili liende moja kwa moja. Mashine inayopima magurudumu manne huhesabu mbele kwa kufuata mwelekeo wa nyuma, kwa hiyo inalimaliza hilo. Inayopima mbele tu hailioni. Kombo, karatasi yako ina namba za nyuma?

Kombo_Kidogo
Hakuna. Mbele tu.

Fundi Kimya
Basi funga uzi. Stendi nne au mawe manne, uzi mmoja kila upande wa gari kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Nyuzi mbili ziwe sambamba, na kila moja iwe na umbali sawa kutoka vitovu vya kushoto na kulia. Kama upana wa mbele na nyuma haulingani, hiyo tofauti igawanywe pande mbili. Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, na hadi ukingo wa nyuma.

Kombo_Kidogo
Nimepoteza jioni nzima na uzi, paka kaukanyaga mara mbili. Matokeo: gurudumu la nyuma kulia, sawa mbele na nyuma. La nyuma kushoto, ukingo wa mbele umeingia ndani milimita 2 kuliko wa nyuma. Kati ya ukingo na ukingo ni milimita 400.

Hesabu Tupu
2 kwa 400 ni digrii 0.29 kwa gurudumu moja. Lingine ni sifuri, wastani wa ekseli ni 0.14 kuelekea kulia. Zidisha kwa 15: digrii 2 za usukani, kulia. Zinazobaki 10 ni za fundi na fimbo yake.

Fundi Kimya
Kama nyuma ni ekseli ya kipande kimoja isiyorekebishwa, iache, mbele itaubeba mwelekeo huo na hakuna atakayeuona. Ila kagua bushi zake, ile mipira inayoishikilia. Zikiwa zimechanika, leo ni milimita 2, mwezi ujao si hizo.

Kombo_Kidogo
Bushi nzima. Leo nimeingia chini. Nusu mzunguko kila upande, kushoto nimerefusha, kulia nimefupisha. Nikaenda barabarani. Usukani umelala ZAIDI. Karibu alama tatu.

Spana_17
Raki yako iko mbele au nyuma?

Kombo_Kidogo
...Mbele.

Mzee wa Jeki
😂😂 Nilikuwa nasubiri hii.

Hesabu Tupu
Siyo hasara, umejipatia kipimo. Nusu mzunguko umesogeza digrii 5 hivi, sawa na makadirio. Sasa uko karibu 17. Rudi kinyume mzunguko mmoja na nusu kila upande, pima, kilichobaki utamalizia kidogokidogo. Ile hex ya tairodi ina pande sita, upande mmoja ni moja ya sita ya mzunguko, takriban digrii moja na nusu za usukani.

Kombo_Kidogo
Wakuu, usukani umenyooka. Mzunguko mmoja na nusu, kisha upande mmoja wa hex. Nembo inanitazama machoni. Loknati nimekaza, mpira nimenyoosha, nimekagua pia hesi iliyobaki ndani ya endi na pande zote mbili zimeingia za kutosha.

Tatizo jipya: asubuhi hii imewaka taa ya gari linaloteleza, na ABS haina shida.

Fundi Kimya
Hiyo ni sensa ya pembe ya usukani. Mfumo wa kuzuia kuteleza unalinganisha unakoelekeza usukani na gari linakokwenda kweli. Gari lilishazoea kwamba "moja kwa moja" ni digrii 12 kulia, sasa umebadilisha ukweli wake. Magari mengine yanajifunza yenyewe ukiendesha moja kwa moja kidogo. Mengine yanataka mashine ya kusoma kompyuta, usukani ukiwa umenyooka na gari limesimama tambarare, unaiweka sensa kwenye sifuri. Usiipuuze hiyo taa. Marekani mfumo huu ni lazima kwenye magari madogo yote mapya tangu yale ya modeli ya 2012, kwa hiyo magari mengi ya umri huo kuja huku yanayo, na alaimenti yake haijaisha mpaka sensa iwekwe sifuri.

Kombo_Kidogo
Jirani ana hiyo mashine. Sensa ilikuwa inasoma 11.4 usukani ukiwa umenyooka. Tumeweka sifuri, taa imezima, nimetembea kilomita 40 haijarudi.

Baba Skrubu
Na mimi nirudishe usukani wangu kwenye meno yake ya zamani kisha niguse tairodi?

Spana_17
Ndiyo. Toa betri kwanza, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa eabegi, na matairi yawe yamenyooka. Ukiona pale mkono wako unatetemeka, mpe mtu anayeijua kazi.

Mama Gia
Nimefuata mjadala wote kimya. Langu halina upande: asubuhi usukani umelala kushoto, nikikata kona kali ya kulia unabaki umelala kulia mpaka nikate nyingine ya kushoto. Nirefushe ipi?

Fundi Kimya
Usiguse tairodi hata moja. Kinachobadilisha msimamo hakirekebishwi, kinatafutwa. Mtu mmoja akae ndani, injini imezimwa, asogeze usukani kidogokidogo kushoto na kulia. Wewe lala pembeni ya gari likiwa chini, tazama raki yenyewe. Ukiona bomba zima la raki linahama kabla tairi halijasogea, ni bushi zinazoishika. Raki ikitulia, tazama bushi za kono la chini, kisha boliti za sabufremu (fremu ndogo ya chini inayobeba raki), hasa kama gia boksi iliwahi kushushwa.

Mama Gia
Raki inahama. Kama sentimita nzima upande wa kulia. Mpira wa bushi umebaki vipande.